Sarafu kama Ukumbusho: Visasili kwenye Fedha za Miji ya Kigiriki chini ya Rumi na kwenye Fedha za Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Utangulizi

Fedha ni miongoni mwa vyombo vya sanaa vinavyopita katika mikono ya watu wengi zaidi na kuhakikiwa kwa nadra zaidi. Mhakiki wa fasihi husoma utenzi, riwaya na tamthilia. Mhakiki wa sanaa za maonyesho hutazama ngoma na vinyago. Sarafu huachiwa mwanauchumi, na ikishazeeka huachiwa mwanaakiolojia. Matokeo yake ni kwamba picha zilizopigwa juu ya fedha hubaki nje ya uhakiki, ingawa kila picha ya aina hiyo imechaguliwa na mtu kwa sababu fulani, na picha nyingine zikaachwa.

Makala haya yanahusu picha za namna moja tu, nazo ni zile zinazotokana na visasili, yaani masimulizi ambayo jamii huyatumia kuelezea asili yake na haki yake ya kuwapo mahali ilipo. Mfano wa kwanza ni sarafu za miji ya Kigiriki iliyokuwa chini ya Dola ya Rumi kati ya karne ya 1 na ya 3 B.K. Mfano wa pili ni fedha zilizotumika Kolwezi na katika ukanda wa shaba wa Lualaba, kuanzia msalaba wa shaba wa kale hadi noti za faranga ya Kongo zilizoanza kutumika mwaka 1998.

Ulinganisho huu unaweza kuonekana kuwa wa mbali mno. Hata hivyo, Kolwezi si mji uliowahi kuwa mgeni kwa Wagiriki. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliishi katika miji ya migodi ya Katanga tangu zama za ukoloni, na kanisa la Kiorthodoksi limo Kolwezi hadi leo. Aidha, sarafu nyingi zinazozungumziwa hapa zilipigwa kwa shaba iliyochanganywa na madini mengine, na shaba ndiyo iliyoipa Kolwezi sababu ya kujengwa mwaka 1937. Lakini sababu kubwa ya ulinganisho ni nyingine. Pande zote mbili ni nchi zilizotawaliwa kutoka mbali, ambako swali la nani aonekane juu ya fedha lilikuwa swali la nani anayesimulia habari za nchi. Hoja ya makala ni kwamba picha ya fedha huweza kukumbusha au kuonyesha tu, na kwamba katika fedha zilizotumika Lualaba kuonyesha kumeshinda kukumbusha, isipokuwa mara moja.

Dhana ya ukumbusho

Neno la kupimia jambo hili halina haja ya kuazimwa. Katika miaka ya 1970 Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walichunguza michoro ya rangi iliyouzwa mitaani katika miji ya Shaba, jina ambalo jimbo la Katanga lilibeba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Waligundua kwamba wenyeji wenyewe walikuwa na istilahi ya kueleza kwa nini mfanyakazi wa mgodini ananunua mchoro na kuutundika sebuleni. Mchoro ulikuwa ukumbusho. Haukununuliwa kwa uzuri wake peke yake, bali kwa sababu ulimfanya mwenye nyumba na wageni wake wakumbuke jambo, kisha walizungumze.

Kwa upande wa mofolojia, *ukumbusho* ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi *kumbusha*, ambacho ni kauli ya kusababisha ya *kumbuka*. *Onyesha* nacho ni kitenzi cha kusababisha, kilichotokana na *ona*. Kwa umbo, vitenzi hivi viwili ni ndugu. Kwa maana, vinatofautiana sana. Anayeonyeshwa kitu hahitaji chochote ila macho, kwani hata mgeni aliyefika jana huweza kuonyeshwa. Anayekumbushwa lazima awe alikuwa na jambo hilo hapo awali. Hakuna awezaye kukumbushwa asichowahi kukijua. Kwa hiyo picha inayokumbusha ina wasomaji wake maalumu, na nusu ya kazi yake inafanywa na wasomaji hao.

Ni jambo la kutia fikira kwamba lugha za Ulaya zimeificha maana hiyohiyo ndani ya jina la fedha. Neno la Kifaransa *monnaie*, linalosikika kila siku Kolwezi, limetokana na Moneta, jina la mungu-mke Juno Moneta ambaye karibu na hekalu lake mjini Rumi palikuwa na karakana ya kupigia sarafu. Livius Andronicus, alipotafsiri Odisei kwa Kilatini katika karne ya 3 K.K., alimwita Moneta yule ambaye Wagiriki walimwita Mnemosyne, yaani mungu-mke wa kumbukumbu. Warumi wengine walilihusisha jina hilo na kitenzi *monere*, chenye maana ya kuonya na kukumbusha. Hivyo si kosa kuiuliza sarafu swali ambalo wenyeji wa Shaba waliuuliza mchoro wa sebuleni: inamkumbusha nani, na inamkumbusha nini?

Miji ya Kigiriki na upande wa pili wa sarafu

Rumi ilipoitawala mashariki ya Bahari ya Kati haikuifuta haki ya miji mingi ya kupiga sarafu zake ndogo. Kwa kawaida uso wa sarafu ulikuwa na kichwa cha Kaisari, au cha mtu wa jamaa yake. Mgongo wake uliachiwa mji. Baadhi ya miji iliweka hekalu, mingine ikaweka mungu wake, na mingine ikaweka tukio zima la kisasili. Aina hii ya mwisho ndiyo inayomhusu mhakiki.

Mji wa Ilion, uliojengwa mahali palipoaminiwa kuwa pa Troya ya kale, ulipiga sarafu zinazomwonyesha Hektori, shujaa wa Troya. Hakusimama kama sanamu. Katika baadhi ya sarafu yumo ndani ya gari la farasi. Katika nyingine anatupa mwenge kuziunguza merikebu za Wagiriki. Msomaji aliyejua kisa alijua pia kwamba mtu huyo angeuawa na kwamba mji wake ungeteketezwa. Ilion haikuona aibu kujitambulisha kwa mtu aliyeshindwa. Zaidi ya hayo, mji huo ulipiga sarafu za Enea akimbeba babaye Ankise mabegani na kukimbia mji unaowaka moto. Enea ndiye ambaye Warumi walimdai kuwa mzee wa kabila lao. Kwa picha hiyo mji mdogo uliikumbusha dola kubwa kwamba asili ya dola imo mjini humo. Uso wa sarafu ulisema nani anatawala; mgongo wake ulisema mtawala ametoka wapi.

Abido, mji wa bandari katika mlango wa bahari unaoitwa leo Dardanelles, ulichagua kisa cha mapenzi. Katika sarafu zake za zama za Septimius Severus na warithi wake, Hero amesimama juu ya mnara akishika taa, na Leandro anaogelea chini kumwendea. Sarafu haionyeshi dhoruba, haionyeshi taa ikizimika, wala haionyeshi maiti ya Leandro ikitupwa ufukoni. Haikuwa na haja. Kila mtu wa Abido alijua mwisho wa kisa, na ujuzi huo ndio unaoifanya picha ya mtu anayeogelea iwe nzito. Aleksandria nayo, chini ya Antoninus Pius (138–161), ilitoa mfululizo wa sarafu kubwa za shaba zenye kazi za Herakle, moja baada ya nyingine.

Haifai kuzisifu sarafu hizi kupita kiasi. Waliochagua picha walikuwa matajiri na mahakimu wa miji, na mara nyingi majina yao yaliandikwa juu ya sarafu. Miji ilishindana kwa vyeo na kwa fadhila za Kaisari, na kisasili kilikuwa silaha katika mashindano hayo. Mkulima wa Misri aliyepokea kazi za Herakle hakuulizwa iwapo Herakle ni babu yake. Pamoja na dosari hizo, picha zenyewe zina sifa moja isiyokanushika. Zina tendo ndani yake. Mtu anatupa, anabeba, anaogelea, na tendo hilo linamtaka mtazamaji aendeleze kisa kwa kumbukumbu yake.

Fedha isiyo na picha

Lualaba ilikuwa na fedha yake muda mrefu kabla ya ukoloni. Katika makaburi ya Sanga na mengine ya bonde la Upemba, yaliyofukuliwa kuanzia miaka ya 1957–58 na Jean Hiernaux na Jacques Nenquin, na baadaye na Pierre de Maret, ilipatikana misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na maiti. Ya mwanzo ni michache na mikubwa. Kadiri karne zinavyosonga, kuanzia karne ya 14 hivi, misalaba inazidi kuwa mingi na midogo, na ukubwa wake unazidi kulingana. De Maret alieleza mabadiliko hayo kuwa dalili ya kitu chenye heshima kilichogeuka kuwa fedha ya matumizi mapana. Misalaba mikubwa ya zama za karibu zaidi iliendelea kutumika katika mahari na katika biashara hadi enzi za wakoloni. Mafundi waliochimba jiwe la kijani na kuyeyusha mukuba, kama shaba inavyoitwa katika Kiswahili cha Katanga, ndio ambao askofu Jean-Félix de Hemptinne aliwaandikia makala yake ya mwaka 1926 kwa jina la "walaji wa shaba".

Msalaba huu haukutokana na Ukristo. Jina *msalaba* limeingia Kiswahili kutoka Kiarabu na likaenezwa huku pamoja na dini ya wamisionari. Umbo lenyewe ni la kale zaidi kuliko wao. Tena msalaba haukuwa na picha. Haukuonyesha mtu wala mnyama, wala haukubeba maandishi. Umbo lake zima ndilo lililokuwa fedha.

Hapa inafaa kukumbuka sarafu za Kilwa, ambazo wanafunzi wa historia ya Kiswahili wanazifahamu zaidi. Nazo hazikuwa na picha za viumbe. Zilikuwa na maneno: jina la sultani upande mmoja na tamko la kumtegemea Mungu upande wa pili, yakiwa yamepangwa kwa vina hivi kwamba sarafu moja ni kama ubeti mfupi. Kuna basi namna tatu. Kilwa iliweka neno, Lualaba iliweka umbo, na miji ya Kigiriki iliweka tukio. Itakuwa makosa kudhani kwamba namna ya tatu ndiyo peke yake yenye kumbukumbu. Msalaba uliowekwa juu ya maiti huko Sanga uliwakumbusha waliozika jambo walilolijua, hata kama haukuwa na sura ya mtu. Tatizo linaanza pale umbo linapohamishwa kutoka mikononi mwa wanaolijua na kuwekwa juu ya kitu kingine.

Sarafu ya mwaka 1961

Uhamisho huo ulifanyika waziwazi wakati wa utengano wa Katanga, uliotangazwa na Moïse Tshombe tarehe 11 Julai 1960 na kuisha Januari 1963, Kolwezi ikiwa ngome yake ya mwisho. Noti za kwanza za Katanga zilikuwa na picha ya Tshombe mwenyewe. Sarafu za faranga moja na faranga tano za mwaka 1961 zilikuwa na msalaba wa shaba upande mmoja na ndizi upande mwingine. Sarafu ya faranga tano ilipigwa pia kwa dhahabu. Bendera ya nchi hiyo nayo ilikuwa na misalaba mitatu.

Kama kazi ya usanifu, sarafu hiyo si mbaya. Msalaba unajaza duara vizuri, na wazo la kuiweka fedha ya kale juu ya fedha mpya lina mantiki. Kama ukumbusho, imeshindwa kwa namna mbili. Kwanza, imeubadilisha msalaba kutoka kuwa fedha na kuwa picha ya fedha. Kilichokuwa kikishikwa, kikipimwa kwa uzito na kutolewa kwa mahari kimekuwa alama ya kutazamwa. Pili, imekata uhusiano wa alama na watu wake. Wageni wanaokusanya sarafu wameuita msalaba huo kwa miaka mingi "msalaba wa Baluba". Ilhali mwaka 1961 Waluba wa kaskazini mwa Katanga, kupitia chama cha BALUBAKAT kilichoongozwa na Jason Sendwe, walikuwa wakiupinga utengano, na vijiji vyao vikashambuliwa. Watu waliohesabiwa kuwa wenye alama ndio waliokuwa wakipigana na dola iliyoibeba.

Ilion iliweza kumweka Hektori kwa sababu wenyeji wake walikubaliana kuwa yeye ni wao. Katanga ya mwaka 1961 iliuchagua msalaba kwa sababu msalaba hausemi lolote. Kitu kisichokuwa na tendo hakimtaji adui wala ndugu, na kila mtu anaweza kukitazama bila kuulizwa yeye ni nani katika kisa.

Kinyago, kiegemeo na mfungwa

Baada ya utengano, fedha za Kongo zilipita katika sura nyingi. Sarafu ya faranga kumi ya mwaka 1965 ilikuwa na kichwa cha simba. Zaire, iliyoanza kuwa fedha ya nchi mwaka 1967, ilileta chui pamoja na sura ya Mobutu. Noti za faranga ya Kongo zilizoanza kutumika mwaka 1998, zikiwa na tarehe ya 1 Novemba 1997, zilijaribu njia mpya. Noti ya faranga kumi ilipewa kiegemeo cha kichwa kilichochongwa na Waluba. Noti ya faranga hamsini ilipewa Mwana Pwo, kinyago cha Wachokwe.

Kwa mtu wa Kolwezi, vitu hivi viwili si vya mbali. Wachokwe na Walunda ni wenyeji wa nchi ya magharibi ya mji, na nchi ya Waluba iko kaskazini yake, chini zaidi ya mto. Mwana Pwo ni sura ya mwanamke wa ukoo wa kale, na kinavaliwa na mwanamume anayecheza kwa mwendo wa kike mbele ya kijiji kizima. Bila mchezaji, bila ngoma na bila kijiji, kinachobaki ni uso. Kiegemeo nacho ni kitu cha mtu aliyelala. Hapo alipoweka kichwa ndipo ndoto zilipomjia. Juu ya noti havina mchezaji wala mlalaji. Vimepangwa kama vinavyopangwa katika kabati la kioo la jumba la makumbusho, na maandishi madogo yanataja kabila. Mgeni anaonyeshwa kwamba nchi ina sanaa. Mwenyeji hapati nafasi ya kukumbushwa.

Hasara yake inaonekana mtu anapoyafikiria masimulizi yaliyoachwa. Katika kisasili cha Waluba, mfalme Nkongolo Mwamba anamwalika mpwawe Kalala Ilunga kucheza ngoma juu ya mkeka uliotandazwa juu ya shimo lenye mikuki. Mpiga ngoma anamwonya kwa mapigo; Kalala anaukita mkuki wake katika mkeka, anatambua mtego na kukimbilia kwa baba yake, Mbidi Kiluwe. Katika kisasili cha Walunda, mzee Nkonde anafuma mkeka, wanawe wa kiume wanamtukana na kumpiga wakidhani maji yaliyo katika chungu ni pombe, na urithi unakwenda kwa binti yake Lueji. Baadaye mwindaji Chibinda Ilunga anafika kutoka nchi ya Waluba. Lueji anamwoa moyo na kumkabidhi lukano, bangili ya ufalme, na ndugu zake wanahama kwa hasira. Kila mojawapo ya matukio hayo lingeenea katika duara la sarafu bila shida. Mkuki uliokitwa katika mkeka ni picha isiyopungukiwa na kitu mbele ya Leandro na taa yake.

Hata hivyo, mfululizo huohuo wa noti una picha moja inayokwenda kinyume na nyingine zote. Noti ya faranga moja ina upande mmoja kiwanda cha madini cha Gécamines. Upande wa pili yumo Patrice Lumumba akiwa mfungwa pamoja na wenzake. Hapa pana tukio. Mtazamaji wa Kongo anajua kilichotangulia na kilichofuata, yaani kwamba mfungwa huyu aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika Katanga iliyotoa sarafu ya msalaba mwaka huohuo. Picha haionyeshi kifo, kama sarafu ya Abido isivyoonyesha dhoruba. Inamwachia msomaji.

Upande wa kiwanda nao unasomeka zaidi ya ilivyokusudiwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji wa kampuni ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalowaita wafanyakazi hao *bana Shaba*, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ndiye aliyechorwa upande mmoja wa noti, wakati ambapo alikuwa amekwisha kuondoka nyumbani. Noti hii ndiyo iliyo karibu zaidi na sarafu ya Ilion: upande mmoja mwenye nguvu, upande wa pili aliyeshindwa ambaye nchi inamdai kuwa wake. Tena ni noti iliyokufa mapema. Ilipotoka ilikuwa na thamani iliyozidi nusu dola ya Marekani. Miaka michache baadaye haikuweza kununua kitu chochote, na ikatoweka mikononi mwa watu.

Kisasili kilichohamia ukutani

Kwa kuwa fedha hazikusimulia, masimulizi yalitafuta mahali pengine. Miongoni mwa michoro iliyopendwa zaidi katika miji ya Shaba katika miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa ule wa mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki anayekaa mtoni. Kisa chake ni kisa cha fedha. Mwanamume anayepata unywele wake au kitu chake kingine hujiwa naye katika ndoto akikidai, na akikirudisha huahidiwa utajiri, kwa sharti la siri na uaminifu. Anayevunja sharti huangamia. Mfanyakazi aliyelipwa mshahara kwa noti zenye sura ya Mobutu alikwenda nyumbani akakaa chini ya mchoro uliomweleza utajiri unatoka wapi na unadai nini. Pande mbili za sarafu zilikuwa zimetenganishwa: uso wa mtawala ulikuwa mfukoni, na kisasili kilikuwa sebuleni.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, aliendeleza kazi hiyo hadi katika historia yenyewe. Mwaka 1973 na 1974 alichora zaidi ya michoro 100 ya historia ya nchi, Lumumba akiwa nguzo yake, na akaisimulia yote kwa Kiswahili. Masimulizi hayo yalichapishwa na Fabian mwaka 1996. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, jambo lenye uzito ni kwamba picha hazikuachwa peke yake. Kila moja ilikuwa na maneno yake, na maneno hayo yalikuwa Kiswahili cha Shaba, si Kifaransa cha ofisini.

Pingamizi

Msomaji anaweza kuuliza kama ukimya wa kinyago si hekima. Kisasili cha asili kikipigwa juu ya fedha kinamweka mmoja kuwa mrithi na mwingine kuwa mgeni. Ndugu za Lueji waliohama kwa hasira wanao wazao, na wazao hao wanazisimulia habari hizo kwa namna nyingine. Kolwezi inayo sababu ya pekee ya kuogopa masimulizi ya nani ni mwenyeji. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukohuko, wakakaa kwenye vituo vya gari moshi wakisubiri kupelekwa nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona.

Pingamizi hili lina nguvu na halipaswi kupuuzwa. Lakini linasahau kwamba waliofukuza hawakuwa na upungufu wa alama zisizo na kisa. Bendera na misalaba ilikuwapo. Kilichokosekana ni kisa kizima. Masimulizi ya Waluba wa Kasai wenyewe yanaitaja nchi ya Waluba wa Katanga kuwa chimbuko lao. Kisasili cha Walunda kinamleta mwindaji wa Kiluba katika nyumba ya Lueji na kumkabidhi bangili. Visasili hivi, vikisimuliwa hadi mwisho, vimejaa wageni wanaopokelewa, ndoa za kuvuka mito na ndugu wanaogombana. Alama iliyokatwa kutoka katika kisa ndiyo iliyo rahisi kushikwa na yeyote na kugeuzwa rungu. Kisa kina watu wengi mno ndani yake kwa kazi hiyo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba picha ya kisasili juu ya fedha haipimwi kwa uzuri wa mchoro wala kwa uzalendo wa aliyeichagua. Inapimwa kwa kuuliza kama ina tendo ambalo wenye fedha wanaweza kulikamilisha kwa kumbukumbu yao. Kwa kipimo hicho sarafu ya Katanga ya mwaka 1961, kiegemeo cha Waluba na Mwana Pwo zimeishia kwenye kuonyesha, na noti ndogo ya faranga moja imefika kwenye ukumbusho.

Lakini lawama yote haiwezi kuwekwa juu ya wachoraji wa fedha. Sarafu ya Abido ilisomeka kwa sababu kisa cha Hero na Leandro kilikuwa katika vinywa vya watu. Hata kama kesho ingetolewa sarafu yenye mkuki uliokitwa katika mkeka, ni wanafunzi wangapi wa Kolwezi wangemtambua Kalala Ilunga, na wangapi wangemkumbuka mpiga ngoma aliyemwonya? Luc de Heusch alikichambua kisasili hicho kwa Kifaransa katika *Le roi ivre* mwaka 1972. Simulizi za Kalala na za Lueji, kama zinavyosimuliwa leo kwa Kiswahili katika mitaa ya Kolwezi na katika vijiji vya kando ya Lualaba, zinastahili kukusanywa, kuandikwa na kusomeshwa na idara za Kiswahili za ukanda huu. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya benki kuu. Inahitaji daftari, kinasa sauti na wazee ambao bado wanasimulia.